Utafiti wa miezi mitatu kati ya chuo na kampuni: nani atarajie nini

Kampuni ikisema inataka "matokeo ndani ya miezi mitatu" na profesa akajibu "inawezekana", wote wawili wanaweza kuwa wanasema kweli na bado wasiwe wameelewana. Mtu wa kampuni ana picha ya kitu kinachofanya kazi: programu iliyokwisha kufungwa kwenye kompyuta za kiwandani, au mchanganyiko mpya wa rangi ulio tayari kuingia kwenye mapipa. Profesa ana picha ya swali lililojibiwa, pamoja na kiwango cha uhakika wa jibu hilo, na huenda jibu lenyewe likawa "kwa njia hii, haifai". Mwezi wa tatu ukifika, mmoja anadai alichoahidiwa na mwingine anashangaa anadaiwa nini, maana ripoti keshaikabidhi.

Ninaozungumzia hapa ni ushirikiano wa kuanzia wiki chache hadi kama miezi sita. Ipo mipango mirefu yenye sifa zake. Ufaransa, tangu mwaka 1981, ina mpango wa CIFRE ambao kampuni humwajiri mwanafunzi wa uzamivu kwa miaka mitatu huku akisimamiwa na maabara ya utafiti. Uingereza ina Knowledge Transfer Partnerships, ushirikiano wa kuhamisha ujuzi kutoka vyuoni kwenda kwenye kampuni, ambazo huchukua kati ya miezi 12 na 36. Huko, kutoelewana kwa mwezi wa kwanza kuna nafasi ya kurekebishwa mwezi wa sita. Kwenye mradi wa wiki kumi na mbili nafasi hiyo haipo. Mkigundua mwezi wa pili kwamba kila upande ulikuwa na lake kichwani, mradi umekwisha. Kwa hiyo mradi mfupi ndio unaohitaji mazungumzo marefu zaidi kabla ya kuanza, na watu wengi hufanya kinyume: wanaona ni kazi ndogo, wanaandikiana barua pepe mbili tatu, wanaingia kazini.

Swali linaloenea kwenye muda uliopo

Mfano mzuri kabisa wa matarajio yaliyopangwa vizuri ni wa wanahisabati. Mwaka 1968, Chuo Kikuu cha Oxford kilianzisha makongamano ya kazi ya wiki moja ambayo leo hufanyika katika nchi nyingi, maarufu kwa jina la Study Groups with Industry. Jumatatu, wawakilishi wa kampuni wanasimama mbele ya ukumbi wa wanahisabati na kueleza matatizo yao: chuma kinachopoa vibaya, kimiminika kinachoganda ndani ya bomba, ratiba isiyokubali kupangika. Wanahisabati wanajigawa, kila mtu kwenye tatizo lililomvutia, na wanakesha nalo. Ijumaa kila kundi linaeleza lilipofikia, kisha baadaye ripoti inaandikwa.

Hakuna anayeondoka Ijumaa na bidhaa, na hakuna aliyeahidiwa. Kampuni inaondoka na tatizo lililoandikwa upya kwa namna inayoweza kufanyiwa kazi, makadirio ya kwanza ya ukubwa wa mambo, na mara nyingi orodha ya njia zisizofaa kufuatwa. Kwa mhandisi aliyekuwa akisukumana na tatizo hilo kwa mwaka mzima, hayo si haba. Wiki moja inatosha kwa sababu ahadi yenyewe ilikatwa kwa kipimo cha wiki moja.

Kuna kisa kingine cha zamani zaidi. Mwaka 1906, kiwanda cha bia cha Guinness cha Dublin kilimruhusu mkemia wake, William Sealy Gosset, aende London kukaa karibu mwaka mzima kwenye maabara ya mwanatakwimu Karl Pearson, University College. Swali alilokwenda nalo lilitoka moja kwa moja kazini: ukiwa na vipimo vichache tu, kama ilivyokuwa kwa majaribio ya shayiri na kimea, unaweza kuhitimisha nini bila kujidanganya? Takwimu za wakati ule zilipenda sampuli kubwa. Jibu lake lilichapishwa mwaka 1908 kwa jina la kupanga, Student, kwa kuwa kiwanda hakikutaka wafanyakazi wachapishe kwa majina yao. Jaribio la t, njia ya kulinganisha wastani kwa kutumia vipimo vichache, linalofundishwa leo kwenye kila darasa la takwimu limetoka hapo. Swali lilikuwa jembamba, mwenye swali ndiye aliyekwenda nalo mwenyewe, na kilichopaswa kufichwa kilifichwa bila kuizuia elimu isitoke.

Sasa, swali jembamba linapatikanaje? Ushauri wangu ni kuanza na uamuzi. Kampuni ijiulize: jibu likija, tutaamua nini ambacho leo hatuwezi kukiamua? Tununue mashine ile au tusinunue? Tubadilishe mgavi wa malighafi au tubaki na huyu? Tuendelee na wazo hili au tuliache kabla halijatula fedha zaidi? Uamuzi ukishajulikana, kiwango cha uhakika kinachohitajika kinajulikana pia. Mtu anayetaka kujua kama wazo linastahili kuwekewa bajeti mwakani hahitaji jibu lenye uhakika ule unaodaiwa na jarida la kisayansi, na mtafiti asipoambiwa hivyo atatumia wiki nne kusaka usahihi usiohitajika. Kinyume chake pia hutokea, tena kwa hatari zaidi: jibu la kukadiria linachukuliwa kama hukumu na kupelekwa kwenye bodi.

Kampuni ikishindwa kutaja uamuzi wowote, ikabaki na kauli kama "tunataka kuona akili unde inaweza kutusaidia vipi", bado inaweza kufanya kazi na chuo. Ila iite kazi hiyo uchunguzi wa awali, na itarajie mapendekezo ya maswali. Kulipia uchunguzi huku ukisubiri suluhisho ni kuuziana mbuzi kwenye gunia.

Ngazi tisa

Chombo kimoja kinachosaidia kulinganisha picha zilizo vichwani ni ngazi za ukomavu wa teknolojia. NASA, shirika la anga la Marekani, lilianza kuzitumia miaka ya 1970, na leo ziko tisa. Ngazi ya kwanza ni kanuni ya msingi iliyoonekana tu kwenye utafiti. Ya nne ni kitu kilichothibitishwa maabara. Ya tisa ni mfumo uliokwisha kufanya kazi yake halisi, mahali pake halisi. Umoja wa Ulaya nao unazitumia katika miradi yake ya utafiti.

Ngazi hizi zina kasoro zake. Zilitengenezwa kwa ajili ya vyombo vya anga, na programu ya kompyuta au mbinu ya kupanga kazi haikai vizuri ndani yake. Hata hivyo, ukimwomba kila mmoja aandike kwenye karatasi yake tulipo sasa na tutakapokuwa mwishoni, kisha mkalinganisha, kikao kinachangamka ghafla. Kampuni imeandika "tatu, kisha saba". Mtafiti ameandika "mbili, kisha tatu". Afadhali mshtuko huo uje siku hiyo. Kwa maoni yangu, mradi wa miezi mitatu uliopandisha wazo ngazi moja umefanya kazi yake vizuri sana, na anayeahidi ngazi tatu ama hajui anachokisema ama anatafuta mkataba.

Kalenda isiyosema ukweli

Miezi mitatu kwenye mkataba haiwi miezi mitatu ya kazi. Mkataba unapita kitengo cha sheria cha kampuni, kisha ofisi ya utafiti ya chuo, unarudi na masahihisho, unapita tena. Chuo kinapaswa kusajiliwa kwenye mfumo wa malipo wa kampuni kama mzabuni yeyote. Kama utafiti unahusu watu, hata kwa dodoso tu, kinahitajika kibali cha kamati ya maadili, na kamati hukaa kwa ratiba yake. Mwanafunzi ana mitihani. Mhandisi wa kampuni ana kufunga hesabu za robo mwaka au matengenezo makubwa ya mitambo. Ukitoa hayo yote, ukatoa na muda wa kuandika ripoti, wiki kumi na mbili zinabaki sita au saba za kazi yenyewe. Dawa yake ni rahisi ingawa hufanywa mara chache: siku ya kwanza ya mradi ihesabiwe tangu data au vifaa vilipomfikia mtafiti. Tarehe ya saini isiwe ndiyo mwanzo.

Halafu kuna suala la nani hasa anafanya kazi. Kampuni hukutana na profesa mwenye jina, akiwa na miaka ishirini ya uzoefu, na inadhani imemnunua yeye. Anayefanya kazi ni mwanafunzi wa uzamili au uzamivu, au mtafiti kijana aliyemaliza masomo juzi, na profesa atatoa saa chache kwa wiki. Hakuna udanganyifu hapo, ndivyo maabara za vyuo zinavyokwenda duniani kote, na kijana huyo mara nyingi ana mikono mizuri kuliko bosi wake. Ila lisemwe waziwazi. Kampuni iulize bila aibu: nani atakuwa anafungua faili zetu kila asubuhi, na amebakiza muda gani hapo chuoni?

Chuo nacho kiulize la kwake: nani upande wenu atajibu maswali yetu, na je, mkuu wake amempunguzia kazi nyingine? Mtu aliyetajwa tu kwenye fomu atajibu barua pepe kwa wiki mbili za mwanzo, kisha kimya.

Data "ya kumwaga"

Hapa ndipo miradi mingi mifupi huzama, kwa hiyo nitakaa kidogo. Tuseme kampuni ina pampu arobaini na inataka kujua mapema ipi inakaribia kuharibika. Inasema data ipo ya kumwaga: vihisi vya joto na mtetemo vinaandika kila sekunde kumi, kwa miaka miwili. Mamilioni ya mistari. Kwenye andiko la mradi panaandikwa kwamba chuo kitatengeneza mfumo wa kutabiri uharibifu wa beringi.

Wiki ya kwanza inaisha data haijafika, kwa sababu idara ya kompyuta haikuwahi kushirikishwa na haina ruhusa ya kuitoa nje. Wiki ya pili ndipo data inapofika. Mwanafunzi anafungua faili na kukuta vihisi vya joto vinatumia saa ya dunia (UTC) huku vya mtetemo vikitumia saa za eneo kiwanda kilipo, kwa hiyo pampu inaonekana kupata joto saa kadhaa kabla ya kuanza kutetemeka. Kuna safu ya hali ya mashine yenye namba 0, 1, 2 na 9. Tatu za kwanza zina maelezo. Ile 9 hakuna anayeijua, aliyeiweka alikwisha staafu. Inachukua simu nyingi kugundua kwamba 9 maana yake ni kihisi kimezimwa, na kwamba theluthi ya data ina hiyo 9.

Kisha linakuja lenyewe. Ili kufundisha mfumo kutabiri uharibifu unahitaji mifano ya uharibifu. Hiyo haimo kwenye vihisi, imo kwenye daftari la mafundi, imeandikwa kwa mkono: tarehe, namba ya pampu, na neno "imerekebishwa". Imerekebishwa nini? Mwanafunzi anakaa na fundi mkuu, wanapitia ukurasa kwa ukurasa, na wanapata beringi saba zilizoharibika kweli katika miaka miwili. Saba. Mamilioni ya mistari, na matukio saba. Hakuna hesabu itakayojenga mfumo wa kuaminika wa kutabiri kwa mifano saba, hata aje nani.

Profesa mwoga atasukuma mbele, atatoa kitu chenye michoro ya rangi na asilimia nzuri, kitakachoanguka mwezi mmoja baada ya kufungwa. Profesa mwaminifu ataitisha kikao wiki ya tano na kusema: utabiri hauwezekani kwa sasa, tunachoweza kuwapa ni pampu zipi zinakwenda tofauti na wenzake, na fomu ya matengenezo ambayo mkiitumia vizuri, baada ya miaka michache swali lenu litajibika. Kampuni iliyoandaliwa tangu mwanzo kwamba jibu la namna hii linawezekana itaona imepata thamani ya fedha zake.

Kumbe yote hayo yangeweza kujulikana kabla ya saini. Kampuni ikitoa kipande kidogo cha data, hata cha siku chache tu, na daftari la mafundi lenyewe, mtafiti mmoja akakaa navyo siku mbili, andiko la mradi lingekuwa tofauti kabisa. Hili ndilo jambo moja ningelidai kuliko yote: asiyekuwa tayari kuonyesha sampuli ya data kabla ya mkataba asiandikiwe ahadi yoyote inayoitegemea. Mkataba mfupi wa usiri unatosha kuruhusu hilo.

Fedha, haki na kuchapisha

Kwenye fedha nitapita haraka. Bei hutegemea aina ya kazi. Ushauri wa kitaalamu hutumia ujuzi uliopo, na ripoti huwa mali ya mteja. Utafiti wa kulipiwa hujibu swali la kampuni kwa gharama ya kampuni. Utafiti shirikishi huchangiwa na pande zote, na haki hugawanywa. Kampuni nyingi hushtuka kuona chuo kimeongeza asilimia kubwa juu ya mshahara wa mtafiti. Hizo ni gharama za umeme, maabara, maktaba na utawala, ambazo lazima mtu azilipe. Anayetaka utafiti wa kulipiwa kwa bei ya chini pamoja na umiliki wa kila kitu atazungushwa danadana na ofisi ya chuo mpaka achoke.

Haki za ubunifu ndizo hula muda mwingi, mara nyingine kuliko utafiti wenyewe. Jambo la msingi ni kutenganisha ujuzi ambao kila upande ulikuja nao na ujuzi utakaozaliwa na mradi. Uingereza ilitoa mwaka 2005 seti ya mikataba ya mfano iitwayo Lambert Toolkit, yenye chaguo mbalimbali za nani amiliki nini, ili watu wasianze kuandika kutoka mwanzo kila mara. Kwa mradi mfupi, kuchukua mkataba wa mfano na kubadilisha machache ni busara kuliko kupigania kila kifungu kana kwamba mabilioni yako mlangoni.

Hata hivyo kuna karatasi ndogo zinazouma. Mwaka 1989 mtafiti mmoja wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alianza kwenda kwenye kampuni ya Cetus kujifunza PCR, mbinu ya kuzidisha nakala za DNA, ili aitumie kupima virusi vya UKIMWI kwenye damu. Alipoajiriwa chuoni alikuwa amesaini kwamba anakubali kukikabidhi chuo haki za uvumbuzi wake. Alipofika Cetus akasaini fomu ya usiri ya mgeni, ambayo ndani yake ilisema anakabidhi haki hizo kwa kampuni, hapo hapo. Baadaye kampuni ya dawa ya Roche ilinunua biashara ya PCR ya Cetus, Stanford ikaenda mahakamani, na mahakama ya rufaa ikaona kwamba aliyeahidi kukabidhi bado anazo haki, na aliyekabidhi hanazo tena. Kesi ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 2011, na Stanford ikashindwa. Mwanafunzi anayekwenda kiwandani kwa wiki nane anaweza kupewa fomu ya namna hiyo mapokezini, aisaini huku akisubiri kitambulisho cha mgeni. Chuo kiione kwanza.

Kuchapisha kunahitaji utaratibu tu. Kampuni ipewe rasimu mapema, iwe na siku kati ya 30 na 90 za kuipitia, iondoe siri zake au iombe hataza, yaani haki ya pekee juu ya uvumbuzi. Hili la hataza si la kuahirisha: Ulaya, kwa kawaida, kitu kilichokwisha tangazwa hadharani hakipewi tena hataza, wakati Marekani humwachia mvumbuzi miezi 12 tangu atangaze. Bango moja kwenye mkutano wa kisayansi linatosha kuwa tangazo. Kwa upande mwingine, kampuni isitarajie kufungia tasnifu ya mwanafunzi kabatini. Ndiyo anayohitimu nayo.

Katikati na mwisho

Weka kikao kimoja katikati ya mradi chenye mamlaka ya kubadilisha mawanda, na ahudhurie mtu anayeweza kusema "sawa, tuache hilo" bila kwenda kumuuliza mwingine. Vikao vya kila wiki vya kupeana taarifa ni vizuri, lakini havibadilishi kitu. Malipo nayo yafungwe kwenye kazi iliyofanyika na kuandikwa, yasifungwe kwenye jibu kuwa la kupendeza. Mtafiti anayejua kwamba "hapana" itamnyima awamu ya mwisho ya fedha atajikuta anatafuta "ndiyo".

Mradi wa pili usiwe sharti la kufanya wa kwanza, wala kampuni isiutumie kama chambo ili ipate wa kwanza kwa bei ya kutupa. Na kama kampuni ina nia ya kumwajiri yule kijana baadaye, imwambie msimamizi wake. Vyuo vingi hufurahi kusikia hivyo; wasichopenda ni kuachwa na tasnifu nusu.

Wiki ya mwisho kwa kawaida hutumika kupamba slaidi. Itumike kukabidhi. Mtu wa kampuni akae kwenye kompyuta yake mwenyewe, aendeshe kila hatua kuanzia faili ghafi hadi jedwali la mwisho kwa kufuata maelezo yaliyoandikwa, na mwanafunzi asimsaidie. Kila atakapokwama, pana ukurasa ambao haujaandikwa, au programu iliyofungwa kwenye kompyuta ya mwanafunzi tu, au leseni ya chuo ambayo kampuni haina haki ya kuitumia. Zoezi hili lipangwe Jumatatu, maana likifanywa Ijumaa hakutakuwa na muda wa kuziba matundu, na Jumatatu inayofuata mwanafunzi ana mradi mwingine.